Tasbihi Moja Kila Upande

NURTO: Haloo? Haloo... hapo ni gazeti ya akina mama?

QABALE: Ndiyo, ni hapa. Nani mwenzangu? Paza sauti, laini inakoroma.

NURTO: Nurto.

QABALE: Nani?

NURTO: Nurto. Wa Waberi, Garissa. Dereva wa lori ya unga ameniambia nipige.

QABALE: Nurto! Wallahi nilikuwa nishakata tamaa! Asalaam aleikum, abaayo, dada yangu! Ni mimi, Qabale!

NURTO: Waleikum salaam. Najua ni wewe.

QABALE: Habari za huko? Watoto?

NURTO: Wako.

QABALE: Na maji? Redio inasema mto ulipanda mpaka—

NURTO: Umeshuka.

QABALE: Alhamdulillahi. Na Mohamud, mzee wako?

NURTO: Yuko. Qabale, niko kibanda ya posta, hii simu inakula sarafu. Sema tu.

QABALE: Haya, haya. Sikia. Ukurasa wako wa kitambaa cha kroshia unaenda mtamboni leo. Jamaa wa kiwanda cha kuchapa anakuja kuchukua kurasa saa hii. Na kuna makosa.

NURTO: Makosa gani.

QABALE: Si unajua hatuchapi kitu kabla mtu wa hapa ofisini hajakishona? Tulimpa fundi maelezo yako, yale uliyotuandikia. Ameyafuata neno kwa neno, wiki nzima, maskini, macho yamemtoka. Nurto, kimejikunja.

NURTO: Kimejikunja aje.

QABALE: Kona zote nne zimeinuka juu. Hakilali mezani. Bosi amekivaa kichwani, ofisi nzima tukaanguka kwa kicheko. Tuliomba kitambaa cha meza, tumepata kofia!

NURTO: Sawa.

QABALE: Sawa nini? Cheka basi na wewe!

NURTO: Nimesikia. Ni kofia.

[simu inakwaruza]

QABALE: Haloo? Uko?

NURTO: Niko.

QABALE: Basi nikuambie. Kile chako chenyewe, kile tulichopiga picha, kililala mezani vizuri kabisa. Kwa hivyo ubaya hauko kwa kitambaa, uko kwa maandishi. Tulikurudishia kabla barabara haijakatika. Kiko nawe hapo?

NURTO: Hapana.

QABALE: Basi kimbia nyumbani, uhesabu vitanzi vya upande mmoja tu, unipigie. Huyu jamaa nitampa chai, nitampa na mandazi, hataondoka—

NURTO: Hata nyumbani hakuna.

QABALE: Umekiuza! Nurto, si nilikuambia usikiuze mpaka—

NURTO: Sikuuza. Imetolewa.

QABALE: Umempa nani?

NURTO: Sijui. Akina mama ndio walifunga mzigo. Gauni mbili za dirac, shuka, viatu, shanga za shingo. Wakatoa sadaka. Kitambaa ilikuwa ndani.

QABALE: Lo. Haya basi, tusilie. Niitie Sadiyo. Si yeye ndiye alikuwa anakuhesabia? Atakumbuka. Hata nimemkosa, mke mwenzako huyo... aa, si mke mwenza, mke wa shemeji yako, hayo mambo yenu hunichanganya. Siku ile ulipopiga alikuwa nyuma yako anapiga kelele, "Muulize huyo Mborana wa Nairobi ataolewa lini, ama anangoja ngamia waote mabawa!" Mkorofi yule. Mpe simu.

NURTO: Qabale.

QABALE: Mpe tu, hata kama ni matusi, nitavumilia.

NURTO: Zile vitu ni za Sadiyo.

QABALE: Vitu gani?

NURTO: Zile zilifungwa.

QABALE: Nurto. Usiniambie.

NURTO: Sijakuambia.

QABALE: Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Lini? Lini, Nurto?

NURTO: Maji ikiwa bado juu. Tulitoka mji, tukaenda kwa mama mkwe, kule nje kwa aqal yake, ile nyumba ya miti na mikeka, maji hayafiki. Mbuzi wakaanza kutupa mimba. Wakaanza kufa. Halafu ile homa ikaingia watu. Yeye alisema kichwa, kichwa tu. Gari ya kumpeleka haikuweza kuvuka.

QABALE: Ya Rabbi. Na mimi niko hapa nakuchekesha na kofia.

NURTO: Hukujua.

QABALE: Mbona hukunitumia habari?

NURTO: Kwa nani? Laini ilikuwa imelala. Barabara imekatika. Hata Ahmednoor, mume wake, alikuwa Dadaab na ile lori yake ya maji. Alifika tumeshazika.

QABALE: Mungu amrehemu.

NURTO: Amin.

QABALE: Naogopa kukuuliza uko aje.

NURTO: Niko tu.

QABALE: Nurto, lia kama unataka kulia. Mimi nalia hapa, watu wananiangalia.

NURTO: Watu wanaingia nyumbani wanalia, mimi napika chai, nawapa. Mkono ukiulalia usiku, ukiamka unashika unaona ni wa mtu mwingine. Niko hivyo mwili mzima. Wanasema mimi nina sabri. Hakuna sabri. Sisikii kitu.

QABALE: Pole, abaayo. Pole sana. Basi wacha hii maneno ya gazeti. Natoa ukurasa. Kuna sweta ya mtoto iko tayari, bosi ataiweka pale.

NURTO: Weka sweta.

QABALE: Tutaangalia mwezi ujao, Inshallah, ukiwa umepumua.

NURTO: Mwezi ujao Ikran atakuwa ameletwa.

QABALE: Ikran ni nani?

NURTO: Mdogo wake Sadiyo. Mama mmoja baba mmoja. Wazee wamekaa. Wamesema Ahmednoor asikae peke yake, undugu usivunjike, mdogo wa marehemu aje ashike nyumba. Ndiyo desturi.

QABALE: Najua. Nimesoma na nyinyi, nimekula kwenu. Lakini haraka hivyo?

NURTO: Si vibaya. Ikran mtoto mzuri. Hana maneno. Ataweka sanduku yake pale pale, atalala pale pale. Sadiyo hakupata mtoto. Nguo zimetoka, na kitambaa yetu aliweka ndani. Mbuzi zake zimekufa. Juzi nimekaa nikatafuta kitu moja naweza kuonyesha mtu niseme, hii Sadiyo alifanya. Hakuna.

[simu inakwaruza]

QABALE: Haloo?

NURTO: Usiweke sweta.

QABALE: Nisiweke?

NURTO: Hapana. Hii peke yake ndiyo imebaki, na iko kwa meza yako. Lakini isiende ikiwa kofia. Watu watashona, itajikunja, watasema aliyeibuni hakujua kazi. Alijua.

QABALE: Sawa. Sawa, abaayo. Basi tufanye haraka. Niambie toka mwanzo mlivyofanya, nione pahali maandishi yaliteleza.

NURTO: Mwanzo gani?

QABALE: Mwanzo kabisa. Wazo lenyewe lilitoka wapi?

NURTO: Ile Ramadhani ya kiangazi. Tulienda kusalimia mama mkwe. Jua kali, saumu imetushika, tukajilaza ndani ya aqal. Mimi nimelala ubavu. Yeye amelala chali, anaangalia juu, kule miti ya nyumba inapinda inakutana. Mwanga unaingia kwa mkeka kidogo kidogo. Akanipiga teke. "Naa, Nurto, ukilala chali, hii ni kitambaa." Nikamwambia hiyo ni kiu inaongea.

QABALE: [anacheka kidogo] Naona kabisa.

NURTO: Akachukua mkaa, akachora kwa katoni ya mafuta. Miti nne kubwa kwa kona, zingine kati, zote zinakuja juu. Yeye mwenyewe hawezi kushona, mkono wake mzito, uzi unakaza. Akaniletea katoni, "Shona." Nikashona. Akaangalia, "Nyumba yako imeanguka." Nikafumua. Nikashona tena. "Hii ni choo." Nikafumua. Uzi mpaka ikaota manyoya kwa kufumuliwa.

QABALE: Kumbe ni paa la nyumba. Nurto... bosi amekipa jina "Ua la Jangwani."

NURTO: Si ua.

QABALE: Najua sasa. Lakini kichwa cha habari kimepigwa kwa herufi kubwa, siwezi kukigusa leo. Aliyepanga herufi ameenda zake. Nina wembe na gundi tu.

NURTO: Basi iwe ua.

QABALE: Samahani.

NURTO: Hakuna neno. Endelea, mtu nyuma yangu ameanza kugonga kioo.

QABALE: Haya, kuhesabu. Mlihesabu aje?

NURTO: Mimi nikihesabu napotea, naongea sana. Nilikuwa naongea sana. Sasa yeye akashika tasbihi. Mimi navuta kitanzi, yeye anasema subhanallah, anasukuma punje. Navuta, anasukuma. Tasbihi ikiisha, upande umeisha, nageuka kona. Tasbihi moja kila upande.

QABALE: Ile tasbihi fupi, ya thelathini na tatu?

NURTO: Hiyo. Siku ya kuwaandikia nyinyi nikamuuliza, niandike ngapi? Akasema, "Wewe ni Muislamu ama ni nini? Hujui tasbihi ina ngapi?" Nikaandika thelathini na tatu.

QABALE: Ndivyo fundi alivyoshona. Thelathini na tatu, akageuka, thelathini na tatu. Sasa ubaya uko wapi?

NURTO: Sijui.

QABALE: Ngoja. Tasbihi iko wapi? Nayo ilitolewa?

NURTO: Hapana. Wakifunga mzigo niliiweka mfukoni. Hakuna mtu anajua.

QABALE: Uko nayo sasa?

NURTO: Ninayo.

QABALE: Basi hivi. Nimechukua sindano ya kroshia ya fundi, na uzi. Nimebana simu kwa bega. Mimi ni mkono wako. Wewe kuwa yeye. Hesabu.

NURTO: Hapa kuna watu wanangoja kwa laini.

QABALE: Hesabu, abaayo.

NURTO: Qabale, sijawahi... hii tasbihi sijaishika kwa vidole. Iko mfukoni tu.

QABALE: Najua. Hesabu.

[simu inakwaruza]

NURTO: Subhanallah. Subhanallah. Subhanallah. Subhanallah.

QABALE: Pole pole kidogo—

NURTO: Yeye alikuwa mbio. Alikuwa ananikimbiza, nikichelewa ananifinya. Subhanallah. Subhanallah. Subhanallah.

QABALE: Niko na wewe.

NURTO: Subhanallah. Subhanallah. Waryaa, wacha kugonga! Huoni ninasali? Subhanallah. Subhanallah.

QABALE: Nani huyo?

NURTO: Mtu. Subhanallah. Subhanallah. Subhanallah... [anaendelea mpaka tasbihi inazunguka yote] La ilaha illallah. Subhanallah. Subhana—

QABALE: Ngoja! Simama hapo. Umesema nini?

NURTO: Wapi?

QABALE: Hapo kati. Umesema la ilaha illallah.

NURTO: Si ni imamu.

QABALE: Imamu gani?

NURTO: Ile punje ndefu ya kufungia. Akifika kwa imamu anasema hivyo, halafu anaanza upande mwingine. Imamu haihesabiwi, Qabale. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua.

QABALE: Najua haihesabiwi. Nakuuliza mkono. Yeye akisema la ilaha illallah, mkono wako ulikuwa unafanya nini?

NURTO: Ulikuwa unavuta.

QABALE: Unavuta kitanzi?

NURTO: Kimoja. Pale kwa kona. Yeye anatamka, mimi navuta. Sikujua ni kitanzi. Nilijua ni kugeuka tu.

QABALE: Kila kona?

NURTO: Kila kona, kila mzunguko.

QABALE: Basi ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo, Nurto! Nyinyi wawili mlikuwa mnashona kitanzi cha kona na hakuna aliyekihesabu! Fundi wangu ni Mkristo wa Machakos, ataipata wapi imamu? Kona zake zote zimekosa kitanzi, ndiyo maana zinavutwa juu!

NURTO: Subhanallah. Subhanallah.

QABALE: Tumeshapata, abaayo. Inatosha.

NURTO: Najua. Subhanallah.

QABALE: Haya, hesabu tu. Hesabu. Mimi nakata. Hapa kwa ukurasa wa sweta kuna maneno... "na kimoja cha pembe." Hayo hayo! Nayakata na wembe, nayabandika mwisho wa mstari. Yaani yameingia, yamebana, yamekula nafasi yote ya chini, lakini yanasomeka. Sikia: "Kila upande vitanzi thelathini na tatu, na kimoja cha pembe."

NURTO: Sasa italala?

QABALE: Italala. Nitamwambia fundi ashone tena nione kwa macho yangu, lakini italala.

NURTO: Sawa.

QABALE: Umefanya kazi, Nurto.

NURTO: Jina liko wapi?

QABALE: Jina gani?

NURTO: Mtu wa kubuni. Mliandika nani?

QABALE: Wewe, si ndivyo mlivyotaka? Chini kabisa kuna mstari: "Kimebuniwa na Nurto, anayeishi Waberi, Garissa."

NURTO: Weka Sadiyo.

QABALE: Ningependa kuwaweka wote wawili, lakini nafasi hakuna. Hii ya pembe imejaza. Naweza kutoa neno, niweke neno. Kuongeza, siwezi.

NURTO: Toa Nurto.

QABALE: Nurto, wewe ndiye ulishona. Wewe ndiye ulifumua mpaka uzi ukaota manyoya.

NURTO: Mikono iko mingi Garissa. Kila nyumba ina mwanamke anashona. Toa.

QABALE: Lakini yeye mwenyewe alikataa jina lake liwekwe. Uliniambia. Alisema mkono ni wako, jina ni lako.

NURTO: Alikataa. Sasa hawezi kukataa.

QABALE: Haya. Natafuta herufi. S iko hapa kwa "sweta." A. D... D ya "doa." I. Y, Y, Y iko wapi... "mayai," kwa ukurasa wa mapishi. O.

NURTO: Simu imelia. Hii ni sarafu ya mwisho.

QABALE: Nabandika, nabandika. Jamaa wa kiwanda ameingia, namuona pale mlangoni. Limekaa! Limepinda kidogo, lakini limekaa.

NURTO: Nisomee.

QABALE: "Kimebuniwa na Sadiyo, anayeishi Waberi, Garissa."

[kimya]

QABALE: Nurto. Hilo "anayeishi." Sikuliona. Ngoja nilikwangue na wembe, hata kama kutabaki weupe—

NURTO: Usiguse.

QABALE: Si kweli, abaayo. Watu wa huko wakisoma watashtuka. Mume wake akisoma—

NURTO: Usiguse. Nyumbani kila mtu anasema alikuwa, alikuwa. Wacha pahali pamoja paseme hivyo.

QABALE: Jamaa amesimama hapa, anataka kurasa. Nimpe hivi?

NURTO: Mpe. Soma tena kwanza.

QABALE: Salimia watoto, salimia—

NURTO: Qabale, soma.

QABALE: "Kimebuniwa na Sadiyo, anayeishi Wab—"

[simu imekatika]